Jinsi Semina ya Kompyuta na Data za Lugha Inavyoendeshwa: Mifano ya Misima na Nchi ya Uzigua

Nia ya makala hii ni kueleza jinsi semina ya chuo kikuu juu ya matumizi ya kompyuta katika sayansi ya data inavyoendeshwa, pindi data yenyewe inapokuwa ni lugha ya watu. Wasomaji wengi wa jarida hili hawana haja ya kuelezwa ngeli ni nini au kitenzi hunyambuliwaje. Lakini habari za data wamezoea kuzisikia zikisimuliwa kana kwamba ni mali ya wahandisi peke yao, na kwamba mtu wa lugha kazi yake ni kungoja jibu litoke katika mtambo. Mambo hayako hivyo. Sehemu kubwa ya kazi ya semina ya namna hii ni kazi ya sarufi, na mahali inapoharibika, aghalabu huharibika kwa kukosa sarufi. Mifano yangu nimeichukua katika nchi ya Uzigua, hasa kata ya Misima katika Wilaya ya Handeni, na sehemu za jirani za Korogwe na Kilindi, kwa sababu huko Kiswahili na Kizigula hukaa pamoja katika kinywa kimoja, na hali hiyo ndiyo inayompima mwanafunzi na mtambo wake.

Kuhesabu maneno si jambo geni kwetu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, ikafanya kazi ya kusanifisha Kiswahili, na kamusi ya Johnson ikatoka mwaka 1939. Kazi ya kamati hiyo ndiyo iliyoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964 na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Watunga kamusi wa zama zile walikuwa na kadi: neno moja, kadi moja, na chini yake mfano wa matumizi pamoja na mahali lilipopatikana. Mwenye kadi elfu kumi alikuwa na data, ijapokuwa hakuiita hivyo. Kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi na wengine ngamizi, haikuleta swali jipya. Ililolileta ni wepesi wa kupanga kadi zile upya mara mia kwa siku, kila mara kwa swali jingine.

Wepesi huo ulichelewa kutufikia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla mlango haujafunguliwa. Katika muda huo kazi ilianzia mbali: mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kutunga programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili, akitumia nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili aliyoitoa Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Maelezo yake juu ya Kiswahili yalichapishwa mwaka 1992, na mkusanyo wa matini uliokua pamoja na kazi hiyo, katika toleo lake la pili, una maneno yapatayo milioni 25. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanga atakaye kuona jinsi neno fulani lilivyotumika katika magazeti ya nchini mwake, huenda akalitafuta Finland. Sisemi haya kwa kulalamika, kwani waliofanya kazi walistahili kuifanya. Nayasema ili ieleweke kwa nini semina ni lazima imfundishe mtu kukusanya, wala si kutumia tu kilichokusanywa na wengine.

Sasa tuitazame semina yenyewe. Hukutana mara moja kwa juma, muda wa saa tatu, na wanafunzi wake hutoka pande mbili: wa isimu, ambao wengi wao hawajapata kuandika programu hata ya mstari mmoja, na wa kompyuta, ambao sarufi waliiaga walipotoka shuleni. Huketishwa wawili wawili, mmoja wa kila upande, mbele ya mtambo mmoja. Wengine hudhani ni uchache wa mitambo, na kweli mitambo haitoshi; lakini hata ingetosha ningewaketisha vivyo hivyo. Saa ya kwanza mwanafunzi mmoja hueleza makala aliyoisoma na wenziwe humhoji. Saa mbili zilizobaki ni za kazi. Amri ziandikwazo ni za lugha ya Python, nazo si nyingi: kufungua faili, kukata matini vipandevipande, kuhesabu, kulinganisha, kuchora jedwali. Mtu mwenye akili timamu huzipata kwa majuma matano. Lisilopatikana kwa majuma matano ni kujua kipande ni nini.

Kanuni ya kwanza ya semina ni kwamba mtu huja na swali kabla ya kuja na faili. Zoezi la kwanza ni jepesi kwa kulitazama: kila jozi hupewa jina la kata moja na kuambiwa itafute kila kilichoandikwa juu ya lugha ya mahali pale. Jozi iliyopewa Misima hurudi na habari nyingi mno, zenye sarufi, orodha za maneno, hata matini zilizochambuliwa. Furaha hiyo huisha upesi, kwani lugha hiyo yenye kuitwa Misima ni ya kisiwa cha Misima huko Papua New Guinea, katika Mkoa wa Milne Bay, nayo ni ya jamii ya lugha za Oseania isiyohusiana na Kibantu kwa lolote. Mtambo umetafuta herufi sita, nazo umezipata. Haukuulizwa zaidi ya hapo.

Hata jina la lugha lina matata yake. Wenyeji husema Chizigula, vitabu husema Kizigua au Kizigula, na katika mpangilio wa Guthrie ni G31, jirani na Kinguu kilicho G34. Katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha, Kizigula kina alama ya herufi tatu, ziw. Lakini katika karne ya 19 baadhi ya Wazigula walichukuliwa mpaka Somalia, wakakaa kando ya Mto Juba, na lugha yao huko ikaitwa Kimushunguli. Orodha ile ile huipa alama nyingine, xma. Baada ya vita vya Somalia kuanza mwaka 1991 watu hao walitawanyika. Wengine wakarudi Tanzania na kupewa makazi Chogo, katika wilaya ile ile ya Handeni, na wengine wakahamia Marekani. Basi bibi wa Chogo na jirani yake Mzigula aliyezaliwa Handeni wanaweza kusalimiana na kuelewana, na kwa kompyuta wakawa watu wa lugha mbili. Mwanafunzi ni lazima aamue kama atayaunganisha mafaili hayo au atayatenga, na aandike sababu yake katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi. Mimi binafsi huona heri kuyatenga kwanza na kuyaunganisha baadaye, kwa kuwa vilivyochanganywa ni vigumu kuvichambua tena. Wako wenzangu wasiokubali.

Hatua ifuatayo ni kuyatengeneza mafaili yasomeke. Hapa ndipo mtu wa lugha anapoanza kumfaa mwenziwe. Kompyuta isipoelezwa vinginevyo hudhani ya kuwa neno ni mfuatano wa herufi, na kila kisicho herufi ni mpaka. Dhana hiyo ikitumiwa katika Kiswahili, ng'ombe huvunjika kuwa «ng» na «ombe», na kata ya Kang'ata, iliyo katika Handeni hiyo hiyo, huwa «Kang» na «ata». Mtu akisahihisha kwa kuiambia kompyuta kwamba alama ile ya juu ni sehemu ya neno, hugundua kwamba alama yenyewe si moja: kuna iliyonyooka, kuna iliyopinda, na kuna waliotumia alama ya kufungulia manukuu. Kwa jicho la msomaji zote ni sawa. Kwa mtambo ni herufi tofauti, na ng'ombe mmoja huandikishwa mara tatu.

Baada ya hapo huja hesabu. Huanza kwa kutenganisha idadi ya maneno yote yaliyomo katika matini na idadi ya maneno yaliyo mbalimbali. Zipf alikwisha kueleza katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita kwamba maneno machache hurudiwa mno na mengi hutokea mara moja tu. Katika Kiswahili wanafunzi huona mara moja ya kuwa wakuu wa orodha ni «ya», «na», «wa», «kwa», «ni», yaani viunganishi na viambata, wala si maneno ya kubeba habari. Wanapoteremka chini ya orodha hukuta jambo linalowashangaza wale wa kompyuta: maneno yaliyotokea mara moja ni mengi kupita yale waliyozoea katika mifano ya vitabu vya ugenini. Sababu yake yajulikana kwa kila msomaji wa jarida hili. Anasoma, alisoma, atakayesoma, hawakusomeshwa, wasomeane: kwa sisi mzizi ni mmoja, kwa hesabu ya mtambo maneno ni matano. Mtu akisema kwamba msamiati wa mwandishi fulani wa Kiswahili ni mpana kuliko wa mwandishi wa lugha isiyonyambua, kwa kutegemea hesabu hiyo peke yake, amepima viambishi akidhani anapima akili.

Dawa yake ni kuchambua kwanza na kuhesabu baadaye. Uchambuzi nao hauji bila ushuru. Chukua neno «kaa». Laweza kuwa mnyama wa pwani, laweza kuwa kipande cha makaa, laweza kuwa kitenzi. Programu iliyotungwa vema hutoa majibu yote, kisha hutazama jirani: «kaa la moto» lina upatanisho wa ngeli ya JI-MA, «kaa amekimbia» lina upatanisho wa kiumbe. Kanuni za namna hiyo ziliwekwa katika kazi ya Helsinki, na mwanafunzi wa isimu huzifurahia kwa sababu anaiona ngeli, aliyofundishwa kama jambo la kukariri, ikifanya kazi ya kuamua. Siku hizi ziko njia nyingine, ambazo mtambo haupewi kanuni bali hupewa matini nyingi ukajifunzia wenyewe. Ni njia zenye nguvu, lakini zina njaa: hutaka maneno mamilioni. Kiswahili chaweza kuzilisha. Kizigula, kwa maandishi yaliyopo, hakiwezi.

Nitakawia kidogo katika zoezi la majina ya mahali, kwa sababu ndilo lipendwalo kuliko yote, na ndilo linaloonyesha vizuri jinsi mwendo wa semina ulivyo. Wanafunzi hupewa orodha ya kata za Handeni, Korogwe na Kilindi, iliyokuwa sehemu ya Handeni mpaka mwaka 2002, na huulizwa: ni majina mangapi yaliyojengwa kwa kiambishi cha mahali? Jozi ya kwanza huiamuru kompyuta itoe kila jina lianzalo na Kwa-. Hutoka Kwamatuku, Kwaluguru, Kwachaga, Kwasunga, Kwamsisi na Kwankonje. Kwa upande wa Korogwe hutoka Kwamndolwa, Kwagunda na Kwashemshi. Jozi hiyo huandika jumla na kuketi.

Ndipo mtu mmoja huuliza, je, Kwediboma na Kwekivu za Kilindi, na Kwedizinga ya Handeni? Na Komkonga je? Hayo hayaanzi na Kwa-. Mwanafunzi wa isimu hukumbuka kwamba katika lugha nyingi za Kibantu a ikikutana na i huwa e, na a ikikutana na u huwa o. Basi yaelekea kwamba Kwe- na Ko- ni Kwa- ile ile iliyokutana na irabu ya mbele ya nomino. Amri hurekebishwa, Kwe- na Ko- zikaongezwa. Kompyuta hutii, na pamoja na Komkonga huleta Konje, na orodha ya wilaya ikichanganywa humo huleta hata Korogwe, bila kuuliza kama majina hayo yana kiambishi chochote cha mahali. Amri ya kwanza iliacha yaliyostahili kuingia. Ya pili imeingiza yasiyothibitika. Hapo ndipo ninapowaeleza maneno mawili yanayotawala elimu hii yote, yaani usahihi na upatikanaji. Usahihi huuliza: katika uliyoyaleta, ni mangapi yaliyo kweli? Upatikanaji huuliza: katika yaliyo kweli, umeleta mangapi? Mara nyingi ukimlisha mmoja, wa pili huona njaa.

Zoezi haliishii hapo. Kuna Ndolwa katika Handeni na Kwamndolwa katika Korogwe. Kuna Konje na Kwankonje. Je, ni jina moja? Baada ya Kwa- aghalabu hufuata jina la mtu, mwanzilishi wa kijiji au mkubwa aliyekaa pale, na kama ndivyo, habari yake wanayo wazee wala haimo katika orodha. Tena jina moja laweza kuwa la kata na pia la kijiji kilichomo ndani yake, na mtambo ukiunganisha orodha mbili kwa kutazama jina tu, hesabu za kijiji huweza kuandikwa kuwa ni za kata nzima. Katika mambo ya lugha hilo ni kosa la kusahihishwa. Katika mambo ya dawa au ya shule ni jambo zito zaidi, na wanafunzi wa kompyuta, ambao wengi wao watakwenda kufanya kazi hizo, huliandika.

Kilele cha semina ni zoezi la kuifundisha kompyuta kutambua sentensi ipi ni ya Kiswahili na ipi ni ya Kizigula. Matini za Kizigula hupatikana kwa shida. Kuna msamiati wa Mochiwa uliotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2008. Mwandishi huyo alikwisha kuchunguza nguvu ya Kiswahili juu ya lugha za wenyeji katika Handeni tangu miaka ya 1970, kwa masikio na daftari. Sehemu nyingine hurekodiwa na wanafunzi wenyewe na kuandikwa. Kisha sentensi hugawanywa mafungu mawili, moja la kufundishia na moja la kujaribia, na mtambo hauruhusiwi kuliona fungu la pili mpaka mwisho. Mgawanyo huo si wa kubahatisha tu. Sentensi za mzee mmoja zikiwa katika mafungu yote mawili, mtambo utamjua mzee yule, kwa maneno yake na mazoea yake, nasi tutadhani umejua lugha. Kwa hiyo tunagawa watu, wala hatugawi sentensi.

Matokeo ya kwanza karibu kila mwaka huonekana mazuri, na uzuri wake ni wa kuogopwa. Tuseme katika sentensi 100 za kujaribia, 90 ni za Kiswahili na 10 za Kizigula. Mtambo usiojua lolote, unaojibu «Kiswahili» kila unapoulizwa, hupata 90 kwa 100. Mwanafunzi huja mbele akiwa na alama hiyo juu ya ubao, na Kizigula chote kimepotea ndani yake. Katika semina yetu hairuhusiwi kutoa alama moja ya jumla. Kila lugha hupewa usahihi wake na upatikanaji wake, na ile yenye sentensi chache ndiyo itangulizwayo.

Iko njia nyingine ya kupotea iliyojificha zaidi. Kabla ya kufundisha mtambo ni desturi kuisafisha data. Mwanafunzi mwenye bidii huipitisha matini katika programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Katika Kizigula maji ni «mazi». Programu huona kosa la herufi moja, ikaliandika «maji». Neno baada ya neno, Kizigula cha msemaji hugeuzwa kuwa Kiswahili kibovu kidogo, na baadaye mtambo hutangaza kwamba watu wa huko husema Kiswahili kibovu kidogo. Hakuna aliyedanganya. Maneno hayo yakiingia katika ripoti, na ripoti ikamfikia anayepanga vitabu vya shule, kilichoanza kama usafi wa faili kimekuwa hukumu juu ya watoto. Kwa sababu hiyo matini kama zilivyosemwa huhifadhiwa mbali, bila kuguswa, na kila badiliko huandikwa: nani, lini, kwa nini.

Na bado kuna lisiloandikwa kabisa. Kenstowicz na Kisseberth wameonyesha kwamba toni ya Kizigula husafiri. Katika «kulombeza», kuomba, toni ya juu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi kikirefushwa kuwa «kulombezeza» na «kulombezezana», toni huhama na kukaa tena pale pale karibu na mwisho. «Kudamanya», kutenda, haina toni ya juu. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi lolote katika hayo, na mtambo uliofundishwa kwa maandishi hauwezi kulijua. Mwanafunzi aliyesikiliza anajua.

Juu ya ruhusa za watu sitasema mengi, kwani sheria imeyasema: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu sauti ya mtu pamoja na jina lake kuwa ni habari zake ikiwa zaweza kumtambulisha. Katika semina tunaongeza jambo moja lisilo la sheria. Msemaji huelezwa kwa Kizigula, na kwa kinywa, kwamba sauti yake itahesabiwa na mtambo, na kwamba anaweza kuikataa kazi hiyo hata baada ya kurekodiwa. Wapo waliokataa. Sauti zao hufutwa mbele yao.

Mtihani wa mwisho hauna karatasi. Kila jozi hutoa mafaili yake, programu yake, na maelezo ya kurasa kumi, kisha jozi nyingine, isiyohudhuria kazi hiyo tangu mwanzo, hupewa siku tatu kuirudia yote na kutazama kama itapata hesabu zile zile. Ikishindwa, alama hupunguzwa kwa waliotunga, si kwa walioshindwa. Orodha za maneno na za majina ya mahali zilizopita mtihani huo huchapwa kwa herufi kubwa katika karatasi za kawaida, kwa kuwa si kila mzee ana simu ya kufungulia faili, na nakala hupelekwa katika ofisi ya kata zilikotoka. Nakala iliyorudi kutoka huko mwaka uliopita ilikuwa na masahihisho kwa kalamu ya wino pembeni mwa majina kumi na mawili, na ndiyo iliyokuwa somo la juma la kwanza la semina ya mwaka huu.